Utepe Unaokatika kwa Heshima

Palikuwepo nchi moja, na kwa mujibu wa tangazo la serikali bado ipo. Jina lake halitatajwa hapa, maana kulitaja bila kibali ni kosa, na ofisi ya kutoa kibali imeshazinduliwa mara nne ila haijajengwa.

Katika nchi hiyo hakuna kilichoanza kutumika kabla ya kuzinduliwa, na vingi vilizinduliwa ili visianze kutumika. Walizindua visima visivyo na maji. Mwaka uliofuata wakazindua maji ya visima hivyo, na mwaka wa tatu wakazindua mpango wa kuyatafuta. Walizindua daraja la Mto Kengewa likiwa bado mchoro. Walizindua ramani ya barabara, kisha kitabu cha kuieleza ramani, kisha begi la kubebea kitabu. Mkuu wa nchi aliacha zamani kuitwa rais. Aliitwa Mzinduzi Mkuu, na kazi yake, kwa neno moja la katiba, ilikuwa kukata.

Na ili raia wasije wakaanza kuzindua mambo ovyo ovyo majumbani mwao, Bunge lilitunga Sheria ya Uzinduzi. Kifungu cha kwanza kilisema hivi: "Hakuna kitu, jengo, mnyama wala mtu atakayezinduliwa bila hotuba, bila utepe mwekundu mpya uliotengenezwa kwa ajili ya uzinduzi huo tu, na bila mkasi ulioshikwa na mkubwa kuliko wote waliopo." Neno "mtu" halikuwamo kwenye rasimu. Lilichomekwa na Spika, ambaye siku hizo alikuwa anamwingiza mkwewe kwenye siasa na alitaka amzindue kwa heshima zote. Wabunge mia tatu wakagonga meza. Hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba katika lugha yao, lugha waliyoinyonya kwa mama zao, anayezinduliwa ni mtu aliyezirai. Waliosomea ng'ambo walisema lugha hiyo wameisahau. Wasiosoma kabisa waligonga meza kwa nguvu zaidi.

Sheria ikapita. Ikazinduliwa.

*

Sasa, mtaa wa Kisimani, kwenye kibaraza cha nyumba ya bati lenye kutu, kulikuwa na kampuni iitwayo Mwatumu na Mwenzake. Mwatumu alikuwa Bi Mwatumu, mjane wa makamo mwenye kumbukumbu mbaya, mbaya kwa maana kwamba hasahau. Mwenzake alikuwa Fundi Selenge, mzee aliyekuwa akikanyaga cherehani tangu enzi za Mzinduzi wa kwanza. Mali yote ya kampuni ilikuwa vyerehani viwili, pasi ya mkaa, benchi moja na kopo la biskuti lililojaa vifungo. Walishona riboni za nywele za wasichana wa shule, na ukweli usemwe, walizishona vibaya. Cherehani cha Fundi Selenge kilikuwa kinaruka mishono. Msichana akigeuza shingo kwa haraka, riboni inabaki hewani na yeye ameshakwenda.

Ubovu huo ndio uliowapa kazi ya taifa.

Ilikuwa hivi. Kwenye uzinduzi wa Bandari ya Nchi Kavu, mzabuni wa zamani alileta utepe wa nailoni kutoka ng'ambo. Mzinduzi Mkuu aliukata kwa dakika kumi na moja. Utepe ulivutika, ukapinda, ukaingia katikati ya mkasi na kukaa humo kama mgeni. Bendi ilipiga wimbo wa taifa mara tisa. Mwisho Mzinduzi Mkuu alitumia meno. Mzabuni yule alipelekwa mahali pa kupumzika, na bado anapumzika.

Bwana Ndelevu, Mkurugenzi wa Mikasi na Tepe katika Wizara ya Uzinduzi, mtu mwenye kitambi cha mbele na unyenyekevu wa nyuma, akatumwa kutafuta utepe usioaibisha. Akiwa anapita Kisimani ndani ya gari lake, msichana mmoja wa shule alivuka barabara mbio, na riboni ikamdondoka vipande viwili. Ndelevu akasimamisha gari, akaviokota. Akaulizia mpaka akafika kibarazani.

"Nani ameshona utepe huu?" akauliza.

"Ni sisi, Mheshimiwa," akasema Bi Mwatumu, akijua ni lawama. "Tutamshonea mwingine."

"Umekatika wenyewe."

"Ni cherehani cha Fundi, Mheshimiwa. Kinaruka."

Ndelevu alitoa mkasi mdogo mfukoni, akausogeza karibu na riboni iliyokuwa mezani. Kabla mkasi haujagusa vizuri, riboni ikaachia. Macho yakamlowa. "Huu ni utepe wenye adabu," akasema. "Unakatika kwa heshima."

Siku hiyo hiyo wakapewa kazi. Ilikuwa kazi ya Wiki ya Uzinduzi, vitu mia nne na kumi na moja, kilomita tisini za utepe, muda wiki sita. Fundi Selenge, aliyezoea kushona mita arobaini kwa siku wakiwa wawili, alihesabu kwa vidole, akarudia, akavua kofia.

"Bi Mwatumu, kwa mwendo wetu huu tutamaliza baada ya miaka sita na ushee. Na hapo tushone mpaka sikukuu."

"Nimesikia, Fundi."

"Sasa mbona unatia saini?"

Alitia saini kwa sababu ya kitu cha kwanza kwenye orodha. Kilikuwa Zahanati ya Kisimani.

Miaka ishirini na minne nyuma, siku zahanati ile ilipozinduliwa kwa mara ya kwanza, Bi Mwatumu alifika mlangoni akiwa na uchungu wa uzazi. Askari alimwambia, kwa upole kabisa, asubiri utepe ukatwe. Waziri wa siku hizo, yule wa suti ya kijivu aliyekuwa akijifuta jasho kwa leso yenye picha yake mwenyewe, alikuwa kwenye ukurasa wa tisa wa hotuba. Binti yake Mishi akazaliwa nyuma ya meza ya vipaza sauti, na kilio chake cha kwanza kikasikika mtaa mzima. Waziri alidhani ni shangwe, akapunga mkono. Zahanati haikufunguliwa. Ilizinduliwa tena mara tano, kwa rangi mpya, kwa bati jipya, kwa jina jipya, kwa kurudishiwa jina la zamani, na mara moja kwa kuadhimisha kwamba ilishazinduliwa. Sasa Mishi mwenyewe alikuwa na mimba ya miezi saba na nusu, na kati ya Kisimani na hospitali ya wilaya ulipita Mto Kengewa, wenye daraja lililokuwa bado mchoro.

"Mheshimiwa," Bi Mwatumu alimwambia Ndelevu kabla kalamu haijagusa karatasi, "safari hii mkishaizindua, mtaifungua?"

"Kuifungua?" Ndelevu alilitafuna neno hilo kama mtu aliyepewa chakula cha kabila lingine. "Unamaanisha watu waingie?"

"Waingie. Wazae. Wafungwe vidonda."

"Vitanda viko njiani, mama. Bendeji ziko njiani. Nakuahidi mbele ya picha ya Mzinduzi Mkuu." Akatazama ukutani. Picha haikuwepo. Hilo likaandikwa kama dosari ya kwanza ya kampuni.

*

Dosari zilikuwa nyingi. Barua ilikuja kesho yake ikieleza kwamba kazi kubwa hufanywa na mzabuni mkubwa, na kwamba ukubwa hukaguliwa. Kampuni iwe na idara saba, bodi, mlinzi, maegesho ya magari, dira, na picha ya Mzinduzi Mkuu katika kila chumba. Kibaraza hakikuwa na chumba. Fundi Selenge aliandika vibao saba kwa mkaa, akavitundika kwenye mlango mmoja, na mlango ukashuka ukakataa kufunga.

Mkaguzi alikuja na daftari.

"Mkurugenzi wa Rasilimali Watu?"

"Ndiye huyu," akasema Bi Mwatumu, akimwonyesha Fundi Selenge.

"Mkuu wa Usafirishaji?"

"Huyu huyu. Ana baiskeli."

"Mwenyekiti wa Bodi?"

"Ni mimi," akasema Fundi Selenge, "lakini leo bodi haijakaa."

"Na mlinzi?"

Fundi Selenge akainuka, akavaa kofia, akasimama mlangoni na kukunja uso. Mkaguzi akaandika: *Wafanyakazi wapo. Wanafanana sana, huenda ni ndugu.* Akapendekeza kampuni iajiri watu wa nje ya ukoo.

Pendekezo hilo lilifika wizarani kabla ya mkaguzi mwenyewe. Vikaanza kuja vimemo. Kimemo cha kwanza kilisema, "Mpokee shemeji yangu, ni mchapakazi." Cha pili kilisema, "Huyu ni kama mwanangu." Cha tatu hakikusema kitu, kilikuwa na saini tu, lakini saini nene. Kwa juma moja walikuja watu kumi na wawili. Palikuwa na Mratibu wa Mikasi, Afisa Uhusiano, Msaidizi wa Afisa Uhusiano, Mtathmini wa Wekundu, na wengine ambao vyeo vyao vilikuwa bado vinatafutwa. Hakuna aliyejua uzi unaingia upande gani wa sindano. Lakini kila mmoja alikuja na koti. Asubuhi walifika, wakatundika makoti kwenye migongo ya viti, na hao wakaenda zao. Ukiuliza afisa yuko wapi, unaonyeshwa koti. Viti vilipojaa makoti, Bi Mwatumu na Fundi Selenge walibeba vyerehani vyao wakahamia uani, karibu na choo.

"Tumekua," akasema Fundi Selenge, akiweka sindano sawa. "Sasa tuna kampuni, na kampuni haina pa kututia."

"Kanyaga, Fundi. Mishi kaingia mwezi wa nane."

Hata hivyo sheria ni sheria, na kampuni yenyewe ilikuwa haijazinduliwa. Ndelevu alikuja na Naibu Waziri, wakazindua kibaraza, wakazindua uani, wakazindua kila cherehani kwa utepe wake, na kila koti pia, kwa sababu Afisa Uhusiano aliomba. Walipoondoka, utepe wote ulioshonwa kwa siku nane ulikuwa chini, vipande vipande, umekatika kwa heshima.

Bi Mwatumu akajifunga kanga kiunoni, akaenda nyumba hadi nyumba.

Kufikia Jumatatu uani palikuwa na vyerehani kumi na vinne na wanawake kumi na wanne. Aliyewatangulia alikuwa Mama Kidawa, mshonaji wa sare za kwaya, mwanamke aliyeshona mshono ulionyooka hata akiwa anagombana. Shida ikaanzia hapo hapo, maana walikuwa mafundi hodari. Utepe wa Mama Kidawa ulipojaribiwa, mkasi ulishindwa.

"Mnataka tufungwe?" akasema Fundi Selenge. "Rukeni mishono. Mmoja shona, mmoja ruka. Uzi uwe umelegea."

"Mkono wangu haujui kuharibu, Fundi."

"Fikiria unashona suti za wabunge."

Mama Kidawa akafikiri kidogo, akakanyaga, na utepe ukatoka mbovu kuliko wote. Kuanzia siku hiyo hakuna aliyewafikia wanawake wale kwa ubovu. Walishona huku wakitajiana majina ya wabunge, mbunge mmoja kwa kila mita, na kilomita zikaanza kutoka.

Bi Mwatumu aliomba wanawake wale waandikwe kwenye orodha ya wafanyakazi. Mratibu wa Mikasi, aliyepita siku hiyo kuchukua koti lake kwenda kulifua, alimjibu kwamba orodha imejaa. Inaonekana kampuni ilikuwa na watu wa kutosha.

*

Wiki mbili kabla ya siku yenyewe, uzi na kitambaa vikaisha. Shehena mpya ilikuwa imeshafika bandarini, lakini ilikuwa haijazinduliwa, na haikuweza kuzinduliwa kwa kukosa utepe. Bi Mwatumu akapeleka taarifa wizarani. Kesho yake lori likashusha marobota sitini uani, pamoja na mapipa ya rangi nyekundu na barua isemayo: *Malighafi ya dharura. Paka, shona, wasilisha.*

Mama Kidawa akafungua robota la kwanza. Ndani zilikuwa bendeji, nyeupe, laini, zimeviringishwa vizuri. Kila robota lilikuwa na muhuri wa buluu: ZAHANATI YA KISIMANI. SI KWA MATUMIZI MENGINE.

Wanawake wakaacha kukanyaga. Bi Mwatumu alichukua viringo viwili, akaviweka kwapani, akapanda gari mpaka wizarani. Alimkuta Ndelevu akifanya mazoezi ya kupiga makofi.

"Mheshimiwa, ulisema bendeji ziko njiani."

"Si zimefika?"

"Zimefika kwangu. Nimeambiwa nizipake rangi."

Ndelevu akaacha makofi, akamkaribisha kwenye kiti, akavuta pumzi kama mwalimu wa mtoto mgumu. "Mama yangu, hebu tufikiri pamoja. Bendeji bila zahanati ni nini? Ni matambara. Zahanati bila uzinduzi ni nini? Ni kuta. Na uzinduzi bila utepe ni nini? Ni mkusanyiko usio na kibali. Kwa hiyo ukitaka bendeji zifanye kazi zahanati, lazima kwanza ziwe utepe."

"Zikishakatwakatwa na kutiwa rangi, atafungwa nani kidonda?"

"Hilo ni swali la baada ya uzinduzi."

"Mwanangu anajifungua wiki hiyo hiyo."

"Basi ana bahati. Atajifungua ndani ya Wiki ya Uzinduzi." Akamsogelea, sauti ikawa ya kifamilia. "Dada, usiponiletea utepe, hakutakuwa na uzinduzi. Pasipokuwa na uzinduzi, zahanati haitafunguliwa. Wewe ndiye utakayekuwa umeifunga. Unataka mtaa uje useme hivyo?"

Alirudi Kisimani kwa miguu. Njiani alipita mbele ya zahanati, akasoma mabamba sita ya mawaziri sita yaliyobandikwa ukutani, moja juu ya jingine, na akakumbuka sura ya kila mmoja, na kila mmoja alisema nini. Kisha akaenda akawasha moto chini ya pipa la rangi.

Usimhukumu. Nchi nzima iliendeshwa hivyo: wewe unapika sumu ukiahidiwa kwamba ukimaliza kuipika utapewa dawa. Ila Bi Mwatumu alifanya kosa moja la kikazi. Viringo vile viwili vilivyokuwa kwapani havikuingia kwenye pipa. Aliviosha, akavianika, akavikunja ndani ya kopo la biskuti, chini ya vifungo.

*

Siku ikafika, na jua lake. Zahanati ilikuwa imezungushiwa utepe kutoka msingi mpaka paa, kama mtu aliyevunjika mwili mzima. Mzinduzi Mkuu alishuka amevaa koti zito lenye nishani arobaini, kila nishani na mkasi wake. Wananchi walisimamishwa tangu asubuhi. Watu kumi na wawili wa kampuni walipewa viti vya mbele, wakavitundikia makoti, wakaenda kunywa soda.

Bi Mwatumu hakuwepo uwanjani. Uchungu wa Mishi ulianza alfajiri, na nyumba ilikuwa hatua thelathini nyuma ya zahanati. Bi Nemsi, mkunga wa mtaa aliyekuwa akisubiri zahanati hiyo ifunguliwe tangu akiwa na meno yote, alikuwa amepiga magoti mkekani.

"Nenda kaniulizie tena kama tunaweza kumwingiza," akasema Bi Nemsi. "Huyu mtoto anakuja vibaya. Nataka kitanda na mwanga."

Bi Mwatumu akaenda mlangoni mwa zahanati. Askari alikuwa kijana mwingine, lakini upole ulikuwa ule ule. "Subiri utepe ukatwe, mama. Yuko ukurasa wa kumi na tatu."

Bila kuomba ruhusa, Bi Mwatumu akapenya chini ya mkono wake, akasukuma mlango na kuchungulia ndani. Kitanda hakikuwepo. Ndani kulikuwa na nyasi, na kwa juu, anga. Bati lilikuwa la mbele tu, upande unaopigwa picha. Mlango wa nyuma ulikuwa umechorwa.

Alirudi nyuma, akashika njia ya uani kwake.

Saa saba na robo, ukurasa wa thelathini na moja, mahali palipoandikwa "na mimi, kama baba yenu, sitachoka", Mzinduzi Mkuu aliyumba, akashika hewa, akaanguka chali. Kisha Ndelevu, akidhani ni sehemu ya hotuba, akaanza kupiga makofi, na uwanja mzima ukamfuata.

Makofi yalipoisha na Mzinduzi Mkuu bado yuko chini, daktari wake akakimbia jukwaani na kichupa. "Nipisheni," akasema, "nimzindue."

"Umesema ufanye nini?" akauliza Mwanasheria Mkuu.

"Nimzindue, Mheshimiwa. Amezirai."

"Utepe uko wapi?"

Daktari akadhani hakusikia vizuri. Mwanasheria Mkuu akafungua kitabu, akamsomea kifungu cha kwanza, akaweka kidole kwenye neno "mtu" na kukiacha hapo.

"Basi nimwamshe," akasema daktari.

"Kwani amelala?"

"Hajalala. Amezirai."

"Aliyelala huamshwa. Aliyezirai huzinduliwa. Usiichezee lugha ya taifa mbele ya wananchi."

Wakakaa kikao pale pale juu ya jukwaa, mgonjwa katikati. Suala la hotuba halikuwa gumu. Waliafikiana kwamba kurasa thelathini na moja zinatosha kumzindua mtu yeyote. Suala la mkasi likaleta matatizo. Makamu wa Mzinduzi akaushika.

"Nani mkubwa kuliko wote waliopo?" akauliza Mwanasheria Mkuu.

"Kwa sasa nadhani ni mimi," akasema Makamu.

Mawaziri wakasogea hatua moja nyuma, kila mmoja kivyake. "Kwa hiyo," akasema Mwanasheria Mkuu taratibu, "Mheshimiwa Makamu anasema Mzinduzi Mkuu hayupo."

Makamu akauachia mkasi kama amekamata kaa la moto. Ikaamuliwa kwamba Mzinduzi Mkuu yupo, kwamba ndiye mkubwa, na kwamba atajizindua mwenyewe; mkasi utatiwa mkononi mwake na utepe utasogezwa. Lakini utepe gani? Uliozunguka jengo ulikuwa wa jengo. Ilitakiwa mita moja mpya, ya kwake peke yake.

Wakaitwa watu kumi na wawili wa kampuni. Yakapatikana makoti kumi na mawili. Ndelevu akawakimbilia wanawake, waliokuwa wamejipanga kwenye kivuli cha ukuta.

"Mama zangu, mita moja tu."

"Sisi?" akasema Mama Kidawa, mikono kifuani. "Sisi hatumo kwenye orodha, Mheshimiwa. Wafanyakazi wako ni wale pale, wametundikwa."

Ndelevu akakimbilia uani, koti lake likimpiga makalio. Akamkuta Bi Mwatumu anatoka, kwapani ana viringo viwili vyeupe, mkononi ana mkasi wa Fundi Selenge uliotoka kuchemshwa, bado unatoa mvuke.

"Alhamdulillahi. Nipe hicho kimoja, dada. Rangi tutaipaka huko huko."

"Hizi si tepe, Mheshimiwa. Ni bendeji."

"Kila bendeji ni utepe ambao haujapakwa rangi."

"Safari ile ulisema ni matambara."

"Mzinduzi Mkuu yuko chini, Bi Mwatumu. Juani. Bila huo utepe hazinduki."

"Pole yake. Mwambie asubiri," akasema Bi Mwatumu. "Miaka ishirini na minne, kisha aulize tena." Akampita.

Ndelevu akamfuata mpaka mlangoni mwa nyumba. Humo Fundi Selenge alikuwa amekaa kizingitini, amevaa ile kofia ya mlinzi, amekunja uso.

Ndani mtoto alikuwa ameshatoka, msichana, mnyamavu, wa rangi ya zambarau. Bi Nemsi alifunga kitovu kwa ukanda wa bendeji, akakikata kwa mkasi wa Fundi, akamshika mtoto miguu, akampiga nyayo, mara moja, mara mbili. Akamsugua mgongo. Mishi alikuwa anamtazama mama yake usoni.

"Zinduka, mwanangu," Bi Nemsi akamwambia mtoto. "Zinduka bwana, acha kiburi." Akampiga tena.

Mtoto akavuta hewa, akalia.

Hakukuwa na hotuba. Mkasi ulishikwa na mkunga asiye na cheo. Utepe ulikuwa mweupe. Ulikuwa uzinduzi haramu kwa kila neno la kifungu cha kwanza, na katika nchi ile ulikuwa uzinduzi wa kwanza uliofanya kazi.

Safari hii hakukuwa na kipaza sauti karibu, lakini uwanjani palikuwa kimya, wote wakisubiri utepe, na kilio kile kikafika. Watu wakageuza shingo. Walipogeuka walikuta wamelipa jukwaa mgongo, na kwa kuwa tayari walikuwa wameelekea majumbani, wakaenda.

*

Taarifa ya serikali ilisema Mzinduzi Mkuu yuko kwenye mapumziko ya kikazi. Mpaka leo koti lake limetundikwa kwenye kiti chake, nishani zote arobaini zipo, na barua zinajibiwa. Kamati ya kutafuta mita moja ya utepe imeundwa. Inasubiri kuzinduliwa.

Kisimani, juma hilo hilo, wanawake kumi na wanne waliuvua utepe kutoka kwenye kuta za zahanati, wakauchemsha mara tatu. Bendeji zilitoka na rangi ya waridi, haikutoka zaidi ya hapo, na vidonda havikulalamika. Mapipa ya rangi yalipasuliwa yakawa bati la nyuma. Mlango uliochorwa ulitobolewa ukawa mlango. Kitanda alitoa Mama Kidawa. Makoti kumi na mawili, ambayo hakuna aliyekuja kuyafuata, yakawa mablanketi ya wazazi.

Siku ya tisa Ndelevu alifika, amekonda, kitabu cha sheria kwapani. Alikuta foleni. Bi Nemsi alikuwa anafunga mguu wa mtu, na mlangoni, kwenye benchi la kampuni, alikaa Fundi Selenge.

"Nani amezindua hapa?" akauliza Ndelevu.

"Hakuna, Mheshimiwa."

"Na hawa watu ndani?"

Fundi Selenge akawatazama, akamtazama na yeye.

"Hatujazindua kitu," akasema. "Tumeingia tu."

Ndelevu akafungua kitabu, akatafuta kifungu kinachokataza kuingia. Akakikosa kwenye ukurasa wa kwanza, akakikosa kwenye wa pili. Jua lilikuwa kali, na foleni ilikuwa inasogea, na mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni akamwomba, kwa upole kabisa, apishe mlangoni watu wapite.